Mtoto wa shamba la pareto Gilgil aliyefumbua kitendawili cha selimundu

MKULIMA wa Bahati aliyewahi kupanda pareto hahitaji kuelezwa kazi ya ua lile jeupe. Lilichumwa kwa mikono, likaanikwa juani, likapelekwa kiwandani mjini Nakuru na hatimaye likageuzwa dawa ya kuua mbu katika nyumba za watu ambao hawajui hata Bonde la Ufa liko upande gani wa dunia.

Ni katika shamba la zao hilo hilo, kwenye miinuko ya Gilgil si mbali na Bahati, ambako alilelewa kijana aliyekuja kugundua jinsi malaria ilivyoacha alama yake ndani ya damu ya binadamu. Jina lake lilikuwa Anthony Clifford Allison. Wanafunzi wa biolojia katika mataifa mengi humsoma darasani, lakini huku alikokulia ni nadra kusikia akitajwa. Mwandishi wa makala haya anakiri kwamba alihitimu chuo kikuu bila kulisikia jina hilo hata mara moja.

Allison alizaliwa tarehe 21 Agosti 1925 mjini East London, Afrika Kusini. Wazazi wake walihamia Kenya angali mtoto, na babake akaanzisha shamba la pareto lililotazama Bonde la Ufa. Hiyo ilikuwa sehemu ya nyanda ambazo serikali ya kikoloni iliwatengea walowezi wa Kizungu. Mwafrika aliruhusiwa kuishi humo kama kibarua au skwota, wala si kama mwenye shamba. Kijana huyo hakuuchagua mpango huo, lakini ulimpa shule na wasaa wa kutazama viumbe vya porini, mambo ambayo watoto wa vibarua wa mashamba hayo hawakuyapata kwa kiasi hicho.

Alivutiwa mapema na uchimbaji wa mabaki ya kale uliokuwa ukifanywa na Louis Leakey, na akasoma maandishi ya Charles Darwin kuhusu jinsi viumbe vinavyobadilika kizazi baada ya kizazi. Alisomea sayansi ya tiba katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, kisha akaelekea Oxford, Uingereza, kuendelea na masomo ya udaktari.

Mwaka wa 1949 wanafunzi wa Oxford waliandaa msafara wa kuja Mlima Kenya. Wenzake walishughulikia mimea na wadudu. Allison alijitwika jukumu la kukusanya damu za wakazi wa sehemu mbalimbali za Kenya, nia ikiwa ni kuangalia makundi ya damu yangeonyesha nini kuhusu udugu wa makabila. Kama jambo la ziada, aliamua pia kuzipima damu hizo kuona ni za nani zilizo na tabia ya kupinda.

Hapa msomaji avumilie maelezo kidogo. Wapo watu ambao chembe nyekundu za damu yao zikikosa oksijeni hujikunja zikafanana na mundu. Ndiyo asili ya jina selimundu, ugonjwa ambao wengi mitaani huuita siko seli. Mwaka huo huo wa 1949 wataalamu walithibitisha kanuni ya urithi wake. Anayerithi jeni ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa mbebaji, na aghalabu huishi maisha yake yote bila kujua. Anayeirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huugua: mifupa humuuma, damu humpungukia, na katika Afrika ya wakati ule wengi wa watoto hao walizikwa kabla ya kutimiza miaka mitano.

Wababa kwa wamama walitafuta maelezo walikoweza kuyapata. Mtoto mmoja akifariki, na wa pili akaanza kulia usiku kwa maumivu yale yale ilhali ndugu yao wa katikati ni mzima kabisa, si ajabu kidole kikaelekezwa kwa jirani, kwa mke mwenza au kwa laana ya ukoo.

Allison alirejea Oxford na matokeo yaliyomnyima usingizi. Kandokando ya Ziwa Victoria na katika Pwani ya Kenya, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa wabebaji. Katika nyanda za juu na maeneo makavu yaliyo katikati, hawakufika hata mmoja katika kila 100.

Kwa mtazamo wa wakati huo, hali hiyo haikueleweka. Jeni inayoua watoto kabla hawajazaa ingepaswa kupungua kila kizazi hadi itoweke. Imekuwaje basi ishamiri kiasi hicho? Tena imeshamiri miongoni mwa watu wasio na udugu wa karibu. Waluo wa kando ya ziwa na Wamijikenda wa Pwani hawana lugha moja wala asili moja, lakini katika jambo hili walifanana kuliko walivyofanana na majirani zao wa milimani.

Aliyekulia Gilgil aliliona jibu kwa namna ambayo huenda mtu aliyekulia London asingeliona. Alijua ni wapi nchini Kenya mtu hulala bila kuogopa mbu na ni wapi hathubutu. Ramani ya selimundu, akatambua, ilikuwa ni ramani ya malaria. Akadhania kwamba mbebaji wa jeni moja anapata kinga fulani dhidi ya malaria, na kwamba faida ya wabebaji wengi ndiyo iliyokuwa ikilipia vifo vya wachache wanaorithi jeni mbili.

Haki isemwe: hakuwa mtu wa kwanza kuhisi jambo la namna hii. Daktari E. A. Beet aliyefanya kazi Rhodesia Kaskazini, Zambia ya leo, alikuwa ameona mwaka wa 1946 kwamba wabebaji walionekana kuwa na vimelea vichache vya malaria. Mwanasayansi J. B. S. Haldane naye alikuwa ametoa wazo linalokaribiana na hilo kuhusu ugonjwa mwingine wa damu katika nchi za Mediterania. Lililokosekana ni ushahidi, na Allison ilimbidi kwanza amalize masomo yake ya udaktari ndipo aufuate.

Alirudi Afrika Mashariki mwaka wa 1953. Ni mwaka ule ule ambapo James Watson na Francis Crick walieleza umbo la DNA huko Cambridge. Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari, nchi imejaa amri za kutotoka nje na kambi za wafungwa.

Kazi yake ya kwanza ndiyo inayozua maswali hadi leo. Alichukua wanaume 30 Waluo waliojitolea, 15 wakiwa wabebaji wa selimundu na 15 wasio wabebaji, akawaambukiza vimelea vya malaria kwa makusudi, akafuatilia damu yao na kisha kuwatibu. Kati ya wale 15 wasio wabebaji, 14 walishikwa na malaria. Kati ya wabebaji 15, walioshikwa ni wawili tu.

Takwimu hizo zimenukuliwa katika vitabu visivyohesabika. Wanaume wenyewe wamebaki kuwa idadi. Kanuni za Nuremberg kuhusu ridhaa ya anayefanyiwa jaribio zilikuwa zimeandikwa mwaka wa 1947, lakini Mwafrika aliyeombwa ajitolee na daktari wa Kizungu wakati wa hali ya hatari hakuwa na uhuru ule ule wa kukataa aliokuwa nao mwanafunzi wa Oxford. Hakuna kamati ya maadili ya utafiti ambayo leo ingepitisha jaribio hilo bila kulihoji vikali. Kwa maoni ya mwandishi huyu, deni kwa wanaume wale 30 halijalipwa, na kama kuna familia kando ya ziwa inayosimulia habari zao, ingefaa zisikilizwe.

Kazi ya pili haikuhitaji kumwambukiza mtu. Karibu na Kampala alipima damu za watoto 290 wa Kiganda. Miongoni mwa watoto 43 waliokuwa wabebaji, 12 walipatikana na vimelea vya malaria, yaani takriban asilimia 28. Miongoni mwa 247 wasio wabebaji, waliopatikana navyo ni 113, takriban asilimia 46. Vilevile, wabebaji walioambukizwa walikuwa na vimelea vichache zaidi katika damu.

Kazi ya tatu ilikuwa ni kuzunguka. Alipima karibu watu 5,000 wa makabila zaidi ya 30 katika Kenya, Uganda na Tanganyika. Palipokuwa na malaria kali mwaka mzima, wabebaji walikuwa wengi, hata kufikia karibu watu wanne katika kila 10 miongoni mwa Waamba wa magharibi mwa Uganda. Palipokosa malaria, walikuwa adimu. Lugha ya mtu, desturi zake na historia ya uhamaji wa mababu zake havikubadilisha kanuni hiyo. Katika kaunti kama Nakuru, ambako watu wamewahi kuuana kwa sababu ya majina yao, inafaa kujua kwamba jeni hii haikuwahi kuuliza jina la mtu. Iliuliza aliishi mita ngapi juu ya usawa wa bahari.

Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1954, Allison akiwa hajatimiza miaka 29. Mapokezi yalikuwa baridi. Wapo waliorudia majaribio kwa watu wazima na wasipate jibu lile lile, wakasema kijana huyo aliharakisha. Yeye alishikilia kwamba mahali pa kutazama ni kwa watoto wadogo, ambao miili yao haijajifunza kupambana na malaria, na ndivyo ilivyothibitika baadaye.

Hata hivyo, yeye mwenyewe hakujua wakati huo ni nini hasa kilichokuwa kimeharibika ndani ya damu. Linus Pauling na wenzake wa California walikuwa wameonyesha mwaka wa 1949 kwamba tatizo limo ndani ya himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa kuhusishwa na kasoro ya molekuli moja. Baadaye Allison alifanya kazi kwa muda katika maabara ya Pauling. Lakini kasoro yenyewe ilikuwa ipi?

Aliyejibu ni Vernon Ingram, huko Cambridge, katika makala zilizochapishwa mwaka wa 1956 na 1957. Ili kuelewa alichokiona, yafaa kujua jinsi mwili unavyotengeneza protini, na mtu aliyewahi kufuatilia hatimiliki ya shamba ataelewa upesi. Sajili asilia haitoki ofisini. Anayetaka kuitumia hutolewa nakala, na nakala ndiyo inayozunguka huko nje kufanya kazi.

Ndani ya kiini cha seli mna DNA, maandishi marefu yaliyoandikwa kwa herufi nne tu. Jeni ni sehemu ya maandishi hayo yenye agizo la kutengeneza protini fulani. DNA haitoki kwenye kiini. Seli hunakili sehemu inayohitajika tu, na nakala hiyo, iitwayo RNA mjumbe, hutoka nje hadi kwenye vijikarakana vidogo mno vinavyoitwa ribosomu. Huko husomwa herufi tatu kwa tatu. Kila neno la herufi tatu humaanisha aina moja ya asidi amino kati ya aina 20, na ribosomu huzitunga moja baada ya nyingine kama mtu anayetunga shanga kwenye uzi. Uzi ukiisha kutungwa hujikunja, na umbo unalolipata ndilo linaloamua kazi ya protini hiyo. Maneno mengine ya herufi tatu ni kama nukta. Huiambia ribosomu isimame.

Himoglobini ya mtu mzima ina nyuzi nne, mbili za aina ya alfa na mbili za beta. Uzi wa beta una asidi amino 146. Ingram aligundua kwamba kwa mgonjwa wa selimundu, tofauti iko kwenye ushanga wa sita peke yake: mahali pa asidi ya glutamiki pamekaa valini. Zile nyingine 145 ziko sawasawa. Wanasayansi walipomaliza kuifumbua kamusi ya herufi tatu tatu mwaka wa 1966, ikawa wazi kwamba neno GAG katika jeni limegeuka kuwa GTG. Herufi moja.

Aliyekaa miaka mingi kwenye meza ya uhariri hawezi kulisoma hilo bila kutikisa kichwa. Tumeona mkate ukigeuka mkato na habari nzima ikaharibika, lakini kesho yake gazeti huchapa masahihisho. Kosa hili linachapwa upya katika kila chembe changa ya damu inayotengenezwa ndani ya uboho, mamilioni kila dakika. Valini haipatani na maji. Himoglobini ikiachia oksijeni, sehemu hiyo hunasa kwenye himoglobini jirani, nayo kwenye nyingine, mpaka zinakuwa kamba ndefu ngumu zinazoikunja chembe nzima. Chembe ya kawaida huishi takriban siku 120. Iliyopinda huishi kati ya siku 10 na 20. Zikisongamana kwenye mishipa midogo, huziba njia. Hayo ndiyo maumivu yanayomliza mtoto.

Mbebaji ana maagizo ya namna mbili, moja sahihi na moja lenye kosa, na seli zake hutii yote mawili. Himoglobini sahihi inatosha kuzuia chembe zisipinde katika maisha ya kawaida. Lakini kimelea cha malaria kikiingia ndani ya chembe hiyo, hali hubadilika. Chembe hupinda kwa wepesi zaidi na wengu huiondoa pamoja na mgeni wake. Na hata isipopinda, kimelea hakisitawi vizuri humo wala hakifaulu kuinatisha chembe kwenye kuta za mishipa kama kilivyozoea.

Kenya ndiyo iliyompa Allison uthibitisho wa mwisho, yeye akiwa mzee. Utafiti wa watoto wa magharibi mwa nchi uliochapishwa mwaka wa 2002, na mwingine wa Kilifi wa mwaka wa 2005, ulionyesha kinga hiyo waziwazi. Huko Kilifi, wabebaji walikingwa kwa takriban asilimia 90 dhidi ya malaria kali inayoua. Uchunguzi wa karibuni zaidi wa watoto wa Kenya na Gambia umeonyesha kwamba wapo vimelea ambao nao wamebadili jeni zao, na hao hawazuiliki kwa urahisi na ngao hii.

Sasa turudi Bahati. Eneo hili liko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na malaria si tishio la kila siku kama ilivyo kandokando ya ziwa. Lakini wakazi wa Nakuru na viunga vyake, kuanzia Lanet hadi Maili Kumi, wametoka kila pembe ya nchi. Mtu aliyetoka Nyanza, Magharibi au Pwani huja na jeni aliyoachiwa na mababu waliopambana na mbu. Huku juu ngao hiyo ni kama mwavuli katika nyumba yenye paa. Hasara yake, hata hivyo, haikubaki ziwani: wabebaji wawili wakioana, kila mimba ina uwezekano wa mara moja katika nne wa kuleta mtoto mgonjwa. Isitoshe, mhudumu wa afya katika eneo ambalo ugonjwa huu ni haba huenda asiufikirie upesi anapoletewa mtoto mwenye viganja vilivyovimba. Kipimo cha damu kabla ya ndoa humaliza shaka.

Allison hakubaki kwenye selimundu maisha yake yote. Alifanya utafiti London kwa miaka mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alirudi Kenya akaongoza maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo ya ILRAD, Kabete, iliyokuwa ikipambana na nagana na ndigana kali, ugonjwa wa kupe ambao wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaujua kwa machungu. Maabara hiyo sasa ni sehemu ya ILRI.

Kisha akahamia California, na huko, pamoja na mkewe Elsie Eugui, akafanya kazi ambayo kwa mtu mwingine ingetosha kuwa ya maisha mazima. Alikuwa amewatazama watoto waliozaliwa na kasoro tofauti za kurithi, akagundua kwamba chembe nyeupe za kinga hutegemea njia moja mahususi kujitengenezea ile herufi G ya maandishi ya urithi, ilhali seli nyingine nyingi zina njia mbadala. Ukiifunga njia hiyo, chembe za kinga haziwezi kuongezeka, na mwili hauikatai figo ya mtu mwingine. Dawa iliyotokana na wazo hilo, mycophenolate mofetil, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1995 na hutumiwa na wagonjwa waliopandikizwa viungo katika mataifa mengi.

Aliaga dunia tarehe 20 Februari 2014 huko Belmont, California, akiwa na umri wa miaka 88.

Karibu miaka 10 baadaye, Novemba na Desemba 2023, Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa wagonjwa wa selimundu. Haisahihishi ile herufi moja. Huzima kizuizi kinachokatiza utengenezaji wa himoglobini ya mtoto aliye tumboni, ili seli zirudie kuitunga. Nchini Marekani ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa mtoto wa Kenya, tegemeo kubwa ni haidroksiyurea, kidonge cha kila siku ambacho nacho huamsha himoglobini hiyo hiyo ya utotoni. Utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda na kuchapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba watoto wanaokimeza hupata maumivu machache, huongezwa damu mara chache zaidi, na wachache zaidi hufariki.